Mchezo Ulioambiwa Umekufa: Wapanda Mawimbi wa Hawaii

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Kila ukidhani umeyamaliza mambo yake, inakutolea jingine. Miongoni mwa mazinge hayo, msomaji wangu, ni hili la binadamu kusimama wima juu ya maji yanayokimbia, chini ya miguu yake pana ubao tu, na nyuma yake wimbi lenye kimo cha nyumba linamfukuza wala halimpati. Wengi wetu tumekwisha kuliona jambo hilo kwenye televisheni au kwenye kalenda za ukutani: kijana wa Kizungu, nywele rangi ya mchanga, miwani ya jua, ubao kwapani. Tukaangalia, tukasema, "Hayo mambo ya Wazungu bwana, wana muda wa kuchezea," tukageukia mengine.

Mimi nasema tulikosea. Mchezo ule si wa yule kijana wa kalenda. Una wenyewe, na wenyewe wana rangi kama zetu, au karibu na zetu. Tena kuna kosa la pili, baya kuliko letu, la wale walioandika vitabuni kwamba wenyewe hao waliuacha mchezo wao ukafa, mpaka wageni walipokuja wakaufufua. Madai haya yameishi miaka mingi, na mtu akisikia neno moja kila siku mwishowe huliamini. Hebu basi tuyachunguze. Lakini kwanza tulielewe wimbi lenyewe, maana huwezi kusimulia habari za ngoma kama hujui inavyopigwa.

Wimbi linavyokwenda

Chukua kifuu cha nazi ukitupe baharini, nje ya pale mawimbi yanapoumka. Wimbi likija, kifuu kitapanda na kusogea mbele kidogo. Likipita, kitashuka na kurudi nyuma, karibu pale pale kilipokuwa. Kumbe maji hayaendi popote! Kinachosafiri ni nguvu tu, ikipokezanwa kutoka maji haya hadi yale, kama upepo unavyopita juu ya shamba la mpunga: mashuke yanainama na kuinuka, lakini hakuna shina linaloondoka mahali pake.

Nguvu hiyo hutoka kwa upepo. Dhoruba ikipiga mbali katika bahari kuu, upepo huusukuma uso wa maji. Kadiri unavyovuma kwa nguvu, kwa muda mrefu na juu ya eneo pana, ndivyo mawimbi yanavyokuwa makubwa. Yakishatoka penye dhoruba hujipanga yenyewe, yale marefu yenye mwendo wa haraka yakatangulia, mafupi yakafuata nyuma. Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake waliweka vituo kuanzia New Zealand hadi Alaska. Wakayafuata mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini kabisa ya dunia, upande wa Antaktika, yakivuka Pasifiki yote, safari ya zaidi ya kilomita 10,000. Kwa hiyo wimbi linalomfikia mvulana wa Waikiki mwezi wa Julai huenda limezaliwa wiki nzima kabla yake, mahali penye baridi kali ambapo hajapata kupaona. Yale makubwa ya kutisha, ya pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu, huja hasa kati ya Novemba na Februari, kutoka dhoruba za Pasifiki ya kaskazini.

Katika kina kirefu wimbi halivunjiki. Likikaribia pwani, chini yake huanza kuguswa na sakafu ya bahari. Mwendo hupungua, mawimbi ya nyuma yanayakaribia ya mbele, na kimo kinaongezeka. Kina cha maji kikishapungua hadi kuzidi kimo cha wimbi kwa kidogo tu, kilele huanza kwenda haraka kuliko chini, na wimbi linaanguka mbele. Sakafu ikipanda polepole, kama Waikiki, wimbi huvunjika taratibu, povu likimiminika kutoka kileleni. Mwamba ukiinuka ghafla, kama pale Pipeline, kilele hurushwa mbele na kufanya pango la maji. Mtu hodari huingia ndani ya pango hilo na kutoka upande wa pili. Asiye hodari hutolewa.

Sasa mpanda mawimbi anafanyaje? Hukaa juu ya ubao wake nje ya pale pa kuvunjika, amekodoa macho upeoni. Mawimbi huja kwa mafungu, kisha bahari hutulia, kisha fungu jingine. Akiliona lake anageuza ubao uelekee pwani, analala kifudifudi, anaanza kupiga kafi kwa mikono. Hapo ndipo ngoma ilipo. Wimbi lina mwendo kuliko mwogeleaji, na akiwa goigoi litampita kama basi linavyompita abiria aliyechelewa kituoni. Kwa hiyo lazima awe amekwisha kushika kasi pale wimbi linapoanza kuinuka. Akiwahi, atahisi mkia wa ubao ukinyanyuliwa na pua ikielekea chini. Kuanzia hapo haitaji tena mikono. Uzito wake mwenyewe ndio mashine: anateremka mlima, ila mlima wenyewe unatembea na kuinuka upya chini yake, hivyo anateremka bila kufika chini. Anasimama mara moja, mguu mmoja mbele. Akiendelea kunyoosha moja kwa moja, povu litamfikia. Basi anakata mshazari, akateleza kando ya ukuta wa maji ambao haujaanguka, huku sehemu iliyokwisha kuanguka ikimfuata mgongoni. Akichelewa anafunikwa, akitangulia mno wimbi linamwacha maji yametulia, anazama taratibu kama baiskeli iliyosimama.

Elimu yote hiyo haikutoka chuoni. Iliwahi kuwamo mwilini mwa watu, mtoto akiiona kwa baba na mama, karne nyingi kabla ya Munk kuzaliwa.

Wenye mchezo

Tuwe wakweli: kupanda mawimbi hakukuzaliwa mahali pamoja. Wavuvi wa Huanchaco, nchini Peru, wamekuwa wakirudi ufukoni juu ya mawimbi kwa vyombo vya matete tangu zamani za kale. Hata katika bara letu, mwaka 1834, Mwingereza mmoja aitwaye James Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea kuelekea baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi liwarudishe pwani. Kwa hiyo yule kijana wa kalenda hata Afrika Magharibi hakutangulia. Lakini kuusimamia ubao wima, tena kuufanya mchezo huo kuwa jambo la taifa zima, hayo ni ya Wapolinesia, na kuliko wote ni ya watu wa Hawaii.

Nao hao, ukichimba, si wageni kwetu kabisa. Lugha ya Kihawaii na lugha ya Kimalagasi ni za ukoo mmoja, ukoo uliosambaa kwa vyombo vya matanga kutoka pande za Asia ya kusini-mashariki, mkono mmoja ukaja Madagaska na mwingine ukaenda Pasifiki. Mbingu kwa Kimalagasi ni lanitra, kwa Kihawaii ni lani. Na hii ngalawa yetu yenye matengo mawili, wataalamu wengi husema asili ya kuweka matengo ililetwa pwani hizi na mabaharia wa ukoo huo huo. Chombo cha Hawaii, waʻa, nacho kina tengo, ila ni moja, upande wa kushoto.

Kwa Kihawaii mchezo wenyewe huitwa heʻe nalu. Nalu ni wimbi, na heʻe ni kuteleza. Mbao zilikuwa na aina zake. Watoto walikuwa na paipo, ubao mfupi wa kulalia tumbo. Watu wazima walikuwa na alaia, mwembamba, wa mti wa koa au wa mshelisheli. Halafu ulikuwako olo, ubao mrefu ajabu, wa mti mwepesi wa wiliwili, na huo ulikuwa wa wakubwa. Chifu mmoja aliyeitwa Paki, aliyefariki mwaka 1855, mbao zake ziko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu. Mmojawapo unakaribia mita 5 na una uzito wa zaidi ya kilo 60. Fikiria kuubeba huo hadi majini kabla hata ya kuanza kucheza!

Mti haukukatwa hivi hivi. Fundi alipoupata alichimba shimo mizizini, akaweka humo samaki mwekundu aitwaye kumu, akaomba. Ubao uliochongwa ulipakwa mafuta ya tunda la kukui, na baada ya mchezo ulikaushwa na kuviringishiwa nguo. Pale Kahaluu, katika kisiwa kikubwa, pana mahali pa ibada pa zamani panapotazama maji ya kuchezea, na watu walipanda hapo kuomba mawimbi na kuyaangalia. Kila mwaka kulikuwa na msimu wa Makahiki, msimu wa mungu Lono, kama miezi minne ya kupumzisha vita na kufanya michezo. Wanawake nao walipanda kama wanaume. Masimulizi yanamtaja Kelea, binti wa watawala wa Maui, aliyeyapenda mawimbi mno hata akatekwa akiwa mchezoni.

Lakini tusije tukapaka sukari. Hawaii ile haikuwa pepo. Palikuwa na sheria za mwiko, kapu, zilizotenga wakubwa na wadogo. Kulikuwa na maji ya machifu, na kabwela aliyejitia kimbelembele akapanda humo aliweza kuuawa. Mawimbi ni ya Mungu, lakini ufuko ulikuwa na wenyewe hata zamani hizo. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu kuna tabia ya kudhani kwamba kila kilichokuwako kabla ya Wazungu kilikuwa asali. Hatuhitaji uongo huo ili kuitetea historia ya mtu.

Balaa juu ya balaa

Mnamo Januari 1778 Kapteni James Cook wa Uingereza alifika Hawaii. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Februari, aliuawa pale Kealakekua katika ugomvi na wenyeji. Mwenzake, luteni James King, ndiye aliyeandika katika taarifa za safari ile jinsi alivyowaona watu wa Kealakekua wakipanda mawimbi, na mshangao wake haukufichika. Mabaharia wa Ulaya wakati huo wengi wao hata kuogelea hawakujua. Leo wanamwona mtu anakwenda kucheza na kile wanachokiogopa kuliko vyote!

Baada ya merikebu yakaja magonjwa. Kaswende, kifua kikuu, surua, na mwaka 1853 ndui iliyoua maelfu. Wataalamu wanabishana wenyeji walikuwa wangapi Cook alipofika, lakini wengi wanahesabu kwa mamia ya maelfu. Sensa ya mwaka 1890 iliwakuta takriban 40,000, ukijumlisha na machotara. Msomaji, simama hapo kidogo. Fikiria kijiji chenu kina watu kumi, mnazika, mnazika, mnabaki wawili. Halafu aje mtu akuulize, "Mbona siku hizi hamchezi ngoma?"

Mwaka 1819 mfalme Kamehameha wa kwanza alifariki. Mrithi wake pamoja na malkia Kaʻahumanu wakauvunja ule mfumo wa mwiko, na pamoja nao zikaanguka ibada na sherehe za Makahiki zilizoubeba mchezo. Mwaka 1820 wakafika wamisionari kutoka Marekani. Hawa hawakupenda miili uchi, wala kamari iliyochezwa ufukoni, wala wanaume na wanawake kupanda wimbi moja. Kiongozi wao, Hiram Bingham, baadaye alijitetea kwamba wao hawakuupiga marufuku mchezo, bali ulipungua kwa sababu watu walianza kuwa na staha, bidii ya kazi na dini. Inawezekana hakukuwa na amri iliyoandikwa. Lakini sote tunajua, kuna marufuku ya karatasi na kuna marufuku ya jicho. Mwalimu akikukazia jicho, unaacha mwenyewe.

Tena dini peke yake haikutosha. Mwaka 1848 ardhi ilianza kugawanywa kwa hati, na haikupita miaka mingi sehemu kubwa ikawa mikononi mwa wageni. Yakaja mashamba ya miwa. Mtu aliyekuwa akitazama bahari asubuhi na kuamua leo ni siku ya mawimbi, sasa anatazama saa. Tarehe 17 Januari 1893 wafanyabiashara wenye asili ya Marekani, wakisaidiwa na wanajeshi wa merikebu ya kivita ya Marekani, wakampindua malkia Liliʻuokalani. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 1898 nchi ikamezwa na Marekani.

Je, mchezo ulikufa kweli?

Hapo ndipo kinapoanza kile kisa tunachosomewa. Eti mwishoni mwa karne ya 19 kupanda mawimbi kulikuwa kumekwisha, kisha akaja mwandishi mashuhuri Jack London mwaka 1907, akausifia mchezo huo mbele ya ulimwengu. Rafiki yake Alexander Hume Ford akaanzisha klabu ya Outrigger pale Waikiki mwaka 1908, na mchezo ukafufuka. Hadithi tamu, ina mwanzo na mwisho. Tatizo lake ni moja tu: maiti hakuwako.

Tuanze na ushahidi wa wageni wenyewe. Mwaka 1866 Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alikuwa Hawaii, akawakuta wenyeji wakipanda mawimbi. Akajaribu naye. Ubao ulifika pwani salama salimini, yeye akabaki nyuma anakunywa maji. Akaandika kwamba hakuna atakayeuweza mchezo huo isipokuwa wenyeji. Mwaka 1885 wana wa kifalme watatu wa Hawaii, waliokuwa wakisoma California, walichongesha mbao kwa mti wa huko wakapanda mawimbi ya Santa Cruz. Kwa hiyo mchezo unaosemekana ulikuwa mahututi kwao, ulikuwa na nguvu za kuvuka bahari. Na hao Ford na London, nani aliwafundisha? Ford alijifunza kwa vijana wa Waikiki. London alisaidiwa na Ford huyo huyo na George Freeth, kijana ambaye damu ya Hawaii ilikuwamo mishipani mwake. Mfufuaji gani huyu anayefundishwa na maiti?

Ni kweli mchezo ulipungua sana, sehemu nyingine ulitoweka kabisa. Hilo silikatai. Lakini kupungua si kufa, na sababu za kupungua tumekwisha kuziona: wachezaji ndio waliokufa.

Tuendelee. Klabu ya Ford ilikuwa na wanachama karibu wote weupe. Wenyeji nao hawakukaa kulalamika chini ya mti. Mwaka 1911 waliandikisha chama chao, Hui Nalu, maana yake chama cha mawimbi, kilichokuwa kimekwisha kuanza kwa mikutano ya ufukoni miaka michache kabla. Vyama viwili vikashindana Waikiki, na humo Hui Nalu akatokea kijana aliyeitwa Duke Kahanamoku, aliyezaliwa mwaka 1890.

Huyu Duke alikuwa samaki. Mwaka 1912 alichukua medali ya dhahabu ya mita 100 katika Olimpiki ya Stockholm, na mwaka 1920 akaichukua tena Antwerp. Alipoitwa kuogelea Australia, pale Freshwater karibu na Sydney, alijichongea ubao kwa mti wa msonobari akawaonyesha watu jinsi wimbi linavyopandwa. Hayo yalikuwa majira ya joto ya mwaka 1914 kuingia 1915, na ubao ule umehifadhiwa mpaka leo. Freeth naye alikwenda California mwaka 1907 akawa mwokozi wa pwani, na Desemba 1908 aliwaokoa wavuvi wa Kijapani katika dhoruba, akapewa medali. Tarehe 14 Juni 1925 chombo kiitwacho Thelma kilipinduka kwenye mawimbi ya Newport, California. Kilikuwa na watu 29. Duke alikwenda na kurudi kwa ubao wake akawatoa 8. Wapo waliokuwa wakiuita ubao ule kichezeo. Siku ile watu 8 walirudi makwao juu ya kichezeo.

Sasa linganisha. Waliousambaza mchezo huu duniani, California kwa Australia, walikuwa wana wa Hawaii. Mbona katika kisa kile wao ni wanafunzi, na waliofufua ni wengine?

Kalenda ilitoka wapi

Yaliyofuata ni habari za ufundi na biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Tom Blake, Mmarekani aliyewaheshimu sana watu wa Hawaii na kuchunguza mbao za Paki, alitengeneza ubao wenye uwazi ndani, mwepesi kuliko gogo zima. Mwaka 1935 akaufunga pezi chini ya mkia ili usiteleze ovyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja mbao za povu la plastiki lililofunikwa kwa nyuzi za kioo, nyepesi kiasi cha mtoto wa shule kubeba. Mwaka 1959 sinema ya Gidget ikaonyesha vijana weupe wa California wakipanda mawimbi na kuimba, na viwanda vikaona soko. Hapo ndipo alipozaliwa yule kijana wa kalenda. Mwaka huo huo, 1959, Hawaii ilifanywa jimbo la Marekani.

Huku nyuma wenyewe walikuwapo. Mmoja aliitwa Eddie Aikau, aliyezaliwa Maui mwaka 1946. Kuanzia mwaka 1968 alikuwa mwokozi wa pwani katika ghuba ya Waimea, ambako wimbi la majira ya baridi linaweza kupita mita 10, na anakumbukwa kwa kuokoa mamia ya watu. Alipanda mawimbi ambayo wengine waliyatazama wakiwa nchi kavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa mashindanoni Durban, Afrika Kusini. Bingwa wa mawimbi, mgeni mwalikwa, akanyimwa chumba hotelini kwa sababu ya ngozi yake. Ufuko wenyewe ulikuwa wa weupe tu. Mchezo wa mababu zake, na yeye anaambiwa rangi yake haifai kuuchezea! We acha tu.

Miaka ile watu wa Hawaii walikuwa wakiamka kudai yao. Waliunda jahazi la kale la mitumbwi miwili iliyounganishwa, Hōkūleʻa, na mwaka 1976 lilisafiri hadi Tahiti bila dira wala chombo chochote cha kisasa. Aliyeliongoza ni Mau Piailug, bingwa wa nyota kutoka kisiwa cha Satawal. Tarehe 16 Machi 1978 lilitoka Honolulu kwa safari ya pili, Eddie akiwamo. Usiku ule likapinduka katika mlango wa Molokai, upepo mkali, mawimbi makubwa. Asubuhi yake Eddie alichukua ubao wake, akawaaga wenzake, akapiga kafi kuelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa siku hiyo hiyo. Yeye hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Mashindano ya Waimea yanaitwa kwa jina lake, na hayafanyiki ila mawimbi yakifika kimo chake, hata miaka ikapita bila kufanyika. Mwaka 2023 mshindi alikuwa Luke Shepardson, mwokozi wa pwani ambaye siku ile alikuwa zamu. Alishuka majini akashinda, akarudi kazini.

Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, mchezo huu uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na dhahabu ya wanawake ikachukuliwa na Carissa Moore, binti wa Honolulu mwenye damu ya wenyeji. Katika mashindano ya kulipwa ya dunia watu wa Hawaii hupeperusha bendera yao wenyewe. Olimpiki haina bendera hiyo. Ikapandishwa ya Marekani. Mwaka 2024 mawimbi ya Olimpiki ya Paris yalipandwa Teahupoʻo, kisiwani Tahiti, na Mtahiti Kauli Vaast akashinda kwa wanaume. Ikapandishwa ya Ufaransa. Wimbi limerudi kwa wenyewe, lakini ukitazama juu ya mlingoti utaona safari haijesha.

Magazeti yaliyojaa mavumbi

Nimalizie na jambo lililonifanya niandike makala hii kwa jarida hili na si kwingine.

Huo uongo wa mchezo uliokufa uligunduliwaje? Kati ya mwaka 1834 na 1948 zilichapwa zaidi ya kurasa 100,000 za magazeti kwa Kihawaii. Yalikuwa magazeti ya kawaida, mengine madogo kabisa. Watu waliandika humo barua, tanzia, tenzi za kuwasifu wakubwa, hekaya za kale, na ugomvi wa kisiasa. Ndani yake, hapa na pale, mtu anataja mawimbi: jina la pale panapopandwa, nani alikuwa hodari, bahari ilikuwaje juzi. Hawakuwa wakithibitisha lolote. Walikuwa wakiandikiana habari zao.

Kisha lugha ikafungiwa nje ya shule, wasomaji wakapungua, magazeti yakalala makabatini. Waandishi wa kigeni walioandika historia ya mchezo hawakujua Kihawaii, wakasoma vya Kiingereza, wakarudia vya Kiingereza. Ukimya wa vitabu walivyovisoma wakauita kifo. Ilipofika mwaka 1978 Kihawaii kilirudishiwa hadhi ya lugha rasmi, na kuanzia mwaka 1984 zikafunguliwa shule za chekechea zinazofundisha kwa lugha hiyo. Wakapatikana tena wa kuyafungua yale makabati. Mwaka 2011 vilitoka vitabu viwili, kimoja cha John Clark na kingine cha Isaiah Walker, wote watu wa Hawaii. Clark aliyapekua magazeti yale ya zamani akayatoa majina na habari za mawimbi. Walker akaonyesha jinsi bahari ilivyokuwa mahali pekee ambapo wenyeji hawakutawaliwa. Kisa cha ufufuo kikabaki hakina miguu.

Sisi tunaoandika katika vijarida kama hivi hucheka wenyewe wakati mwingine. Nakala chache, karatasi dhaifu, wino unachafua vidole, na mtu anakuuliza kwa dharau, "Sasa hicho nani atakisoma?" Nami zamani sikuwa na jibu. Leo ninalo. Yule mtu wa Hawaii aliyeandika kwa lugha yake mistari mitatu kuhusu mawimbi ya kijijini kwao naye hakujua nani angemsoma. Alisomwa baada ya miaka zaidi ya mia, na ushahidi wake ukakubaliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama kwenu kuna mchezo, ngoma, namna ya kutega samaki au kuimbia watoto, iandikeni, tena kwa lugha yenu, na majina ya mahali myataje. Msingoje iwe jambo kubwa. Likishakuwa kubwa, watakuwapo wengi wa kulisimulia, na sisi tutakuwa tunaonyeshwa kwenye kalenda.